Sahani Iliyofunika Mtungi

Nianze na sauti yake, maana mambo yote yalianzia hapo. Muharami Pazi, fundi baiskeli wa soko la Musoma, ana sauti nyembamba. Si nyembamba ya mafua. Ni nyembamba ya kutoboa. Akikuita kutoka upande wa samaki na wewe uko upande wa ndizi, unageuka wewe, anageuka mwenye ndizi, na mbuzi aliyefungwa pale anageuka vilevile. Mwanamume ana mabega ya kubeba gunia la pamba, mikono myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko, halafu anafungua kinywa inatoka filimbi. Nasema haya kwa mapenzi. Nilimcheka kabla sijamjua, nikamcheka nilipomjua, na leo asubuhi nimemcheka tena.

Mimi ni Mwanaharusi, fundi cherehani. Baba yangu alishona kanzu, babu yangu alishona kanzu, mimi nikashona magauni ya wanawake wa mtaa wetu wa Kitaji waliotaka kiuno kionekane. Nilikuwa nimeolewa mara moja, na mume huyo aliniambia anakwenda Mwanza kununua vitambaa vya duka alilosema anatufungulia. Duka halikuwepo, vitambaa havikuwepo, na huko alikokuwa akienda hakukuwa Mwanza bali Tarime, kwa mke mwingine mwenye watoto wawili. Nilipoachika niliapa: mwanamume awe maskini, awe kilema, awe na sauti ya filimbi, lakini asiwe mwongo. Kiapo hicho kila mtu Kitaji alikijua, kwa sababu mimi mambo yangu huwa sinong'oni.

Kilichonitoa nyumbani siku za Jumapili kilikuwa jazi. Sisi bendi yoyote yenye magitaa, tarumbeta na ngoma tuliiita jazi, iwe ya Tabora, ya Kisumu au ya Kongo. Tulikuwa watu tisa, na tulikutana uani kwa Werema, dereva wa lori la pamba, Waislamu tukishaswali alasiri na Wakristo wakiwa wametoka kanisani na kushiba. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja na haukuvunjwa. Unasimama, unaishika sahani yako ya santuri kifuani kwa mikono miwili, unasema, "Wiki hii napiga hii." Kisha unaeleza umeipata wapi na ni mahali gani ndani ya wimbo panapokushika. Inapigwa mara moja, watu wanacheza, halafu unampa aliyeketi kuliani kwako akae nayo wiki nzima, naye ampe wa kuliani kwake, hivyo hivyo mpaka ikurudie. Hukuruhusiwa kuja na sahani ya kujionyesha. Ulikuja na ile iliyokuwa inakuzunguka kichwani siku zote saba, hata kama ni ya aibu. Werema aliwahi kuleta wimbo wa watoto wa shule kwa majuma matatu mfululizo, na hatukumfukuza.

Wengi wetu hatukuwa na gramafoni nyumbani. Gramafoni ilikuwa moja, ya Felisian, mwalimu wa hesabu: nyekundu, ya kufunga kama sanduku, inayokula betri sita kubwa za tochi. Kwa hiyo kusema "napiga hii" kulikuwa na maana ya kwamba naiimba nikifua, naiimba nikishona, majirani wamenichoka. Muharami alikuwa na namna yake. Aliipiga kwa pampu. Ukipita kwenye banda lake asubuhi unasikia pampu inavyohema, fu-fu, fuuu, fu-fu, na kabla hujamsalimu unajua wiki ile kichwani mwake kuna bendi gani. Tairi likijaa kabla wimbo haujaisha alilitoa upepo akaanza upya. Wateja walilalamika, lakini hakuna aliyehama.

Basi. Baada ya vita ya Kagera vitu vikaanza kupotea kimoja kimoja. Sabuni ikaondoka, sukari ikaondoka, betri nazo zikaondoka. Dunia ilitutenga na dawa ya meno, lakini jazi hatukuiacha. Tulizianika zile betri sita kuukuu juu ya bati la Werema tangu Ijumaa, ili Jumapili ziwe zimenyonya jua. Mvua ikinyesha tulizichemsha kwenye sufuria. Felisian aliziuma kwa magego, moja baada ya nyingine, akisema nguvu iliyobaki imejificha katikati na inataka kusukumwa. Alivunjika jino mwaka wa themanini na moja, akaendelea kuuma kwa upande wa pili.

Na kweli, gramafoni ilizunguka. Ila polepole. Ikazidi polepole mwezi hata mwezi, kiasi kwamba hakuna aliyetambua siku gani ilianza. Nyimbo zikarefuka. Waimbaji wakawa na sauti nzito. Siku moja Werema akakuna kichwa, akasema, "Lakini huyu jamaa zamani hakuimbaga hivi. Siku hizi ananguruma."

Mwalimu Felisian akasimama kama yuko ubaoni. "Sahani ikipigwapigwa inakomaa," akasema. "Sauti inashuka. Nyie wenyewe mlipokuwa watoto mlikuwaga na hizi sauti mlizo nazo?"

Tukatazamana. Tukakubali. Mwalimu wa hesabu amesema, nani abishe? Tukaanza hata kujivunia. Sahani iliyonguruma sana ilionekana imekomaa vizuri, na mwenyewe alivimba kichwa. Tukabuni na mtindo wa kucheza: unainua mguu, unafikiri, unausogeza, unafikiri tena, unauweka. Alipotutembelea kijana wa Mwanza akauliza mbona mnacheza kama mnavuka tope, Felisian alimjibu kwamba watu wa Mwanza wana haraka na ndiyo maana hawaelewi muziki.

Katikati ya ujinga huo ndipo Muharami aliponitaka. Hakuja mwenyewe. Alimtuma shangazi yake, Bi Kudura, mwanamke wa maneno machache na ushanga mwingi, akaja siku ya Jumamosi akaketi kwenye mkeka wangu akanywa chai isiyo na sukari bila kukunja uso. Akasema kijana wetu anakuona, anakuheshimu, anaomba. Sitawadanganya: nilitaka kusema ndiyo palepale. Yale mabega niliyaona siku nyingi. Nikamwambia Bi Kudura anipe siku chache, maana mimi nina sharti moja tu na yeye analijua.

"La uongo," akasema Bi Kudura.

"Hilohilo, shangazi."

"Muharami haongopagi," akasema, akavaa viatu vyake.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Muharami akafika amechelewa, amenyoa, amevaa shati jeupe, na kifuani ameshika sahani ndogo yenye karatasi iliyokwanguka mpaka jina karibu lote halisomeki. Akasema, "Wiki hii napiga hii." Filimbi yake ilikuwa juu kuliko siku zote.

Akatueleza. Alizaliwa Bunda, na akiwa na miaka kumi na tisa palikuwa na bendi huko ikiitwa Bunda Vumbi Jazi. Mwaka wa sitini na tisa bendi ikaalikwa Nairobi kurekodi wimbo mmoja. Wako njiani mwimbaji akashikwa na malaria, hajiwezi, na Muharami, aliyekuwa akibeba vyombo tu, akaambiwa asimame mbele aimbe. Akaimba. Fundi mitambo alimsogeza nyuma hatua nne kwa sababu sauti yake ilikuwa inatoboa. Wakarudi, bendi ikasambaratika, na ile sahani hakuwahi kuiona. Miaka kumi na tatu aliitafuta, Murangi, Tarime, Shirati, kote. Wiki ile alikuwa amekwenda Kibara kutengeneza baiskeli za wachuuzi wa samaki, akaomba maji ya kunywa kwenye nyumba moja, na mama mwenye nyumba akafunua mtungi. Kifuniko cha mtungi kilikuwa sahani. Aliigeuza akaona neno moja lililobaki, "Vumbi", akakaa chini. Alitengeneza baiskeli mbili bure akapewa kifuniko.

"Na huyu mnayemsikia humu," akamaliza, "ni mimi mwenyewe."

Alisema akiniangalia mimi. Watu wote uani wakaniangalia mimi.

Felisian akaiweka. Ikakwaruza, ikazunguka, magitaa yakaingia kwa mwendo wa ng'ombe aliyeshiba. Halafu mwimbaji akaanza. Jamani. Ilikuwa sauti ya fahali. Ilikuwa sauti ya mzee mwenye kitambi aliyeamshwa usingizini, nzito, inayotoka chini kabisa. Kisha Werema akapasuka, na uani kote wakaanguka kwa kicheko.

"Imba, fundi!" wakamwambia. "Imba tulinganishe!"

Akaimba, maskini. Aliimba kwa filimbi yake, na kwa mwendo wa mbio ambao haukuelekeana kabisa na ule wa sahani, akamaliza ubeti wakati mwenzake ndani ya gramafoni hajafika hata nusu. Watu walishika mbavu.

"Labda imekomaa," akasema Muharami, anatafuta pa kushika.

Felisian akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayesahihisha mtihani. "Fundi, hii ilikuwa ni kifuniko cha mtungi. Haijapigwa. Sasa itakomaa na nini?"

Hapo hata mimi niliona hakuna njia. Nilicheka pamoja nao, lakini kifuani kulikuwa kumeshapoa. Jumatatu asubuhi nikamwambia Bi Kudura, "Mpelekee jibu. Nimeshaolewa na mwongo mmoja, ananitosha." Alinitazama tu kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Muharami aliendelea kuja Jumapili mbili tatu. Aliketi kuliani kwangu, mahali pake pa siku zote. Siku moja nilimpelekea mkanda wa cherehani ukae vizuri kwenye gurudumu, akautengeneza, na wakati wa kunirudishia akasema, bila kuniangalia, "Unajua, dada, nimefikiri sana. Labda nilipoondoka walimweka mtu mwingine. Mimi nilisimama pale, jasho linanitoka, nikaimba mpaka mwisho. Lakini hata mimi nikiisikia ile sauti siijui. Labda siku ile nzima nilikuwa najiotea."

Nilimsikia hivyo nikadhani anakiri. Nikachukua mkanda wangu nikaenda. Ninapokumbuka siku ile hata leo nataka kujizaba kibao. Baada ya hapo hakuja tena kwa Werema, na pampu yake ikawa inajaza tairi tu, fu, fu, fu, haina wimbo.

Sahani ilibaki ikizunguka kama utaratibu unavyotaka. Ilipita kwa watu wanane, ikafika kwangu, na kwangu ikakwama. Nilitakiwa kumpa aliye kuliani kwangu, na kuliani kwangu palikuwa na kigoda kitupu. Nikaiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo.

Mwaka wa themanini na tatu ukaja msako wa wahujumu uchumi. Watu walitupa ziwani sabuni ambazo walikuwa wamezitafuta mwaka mzima, na betri hata zile za kuanikwa juani hazikupatikana, maana Werema aliogopa kuanika chochote juu ya bati. Tulikutana vilevile. Tulishika sahani kifuani, tukasema "wiki hii napiga hii", na kisha tukaipiga kwa midomo: huyu gitaa, yule besi, Felisian tarumbeta, mate yanaruka. Na tuliimba kwa mwendo uleule wa tope, kwa sauti nzito kama tulivyozoea. Hakuna mashine hapo wala betri, lakini vichwa vyetu wenyewe vilikuwa vimeshakuwa betri kuukuu.

Halafu mwishoni mwa themanini na nne serikali ikalegeza, na wenye uwezo wakaruhusiwa kuleta bidhaa. Mwanzoni mwa themanini na tano nilikwenda Bunda kununua nyuzi na zipu. Naingia dukani, na pale juu ya meza, si chini ya meza, juu, mchana kweupe, zimepangwa betri. Mpya. Zinang'aa. Niligeuka nyuma kuangalia kama kuna mgambo. Mwenye duka akacheka, akasema, "Chukua tu mama, siku hizi hawakamati mtu." Nikanunua sita, nikazifunga ndani ya kitenge kwa mazoea ya magendo, nikazipakata mpaka Musoma, na njiani nilikuwa nacheka peke yangu.

Jumapili hiyo sikusema kitu. Nilisubiri watu wote wakae, nikafungua kitenge. Kelele zilizopigwa! Mke wa Werema alizibusu. Felisian alizipokea kwa mikono miwili, akaivuta moja karibu na mdomo kwa mazoea, tukamzuia. Akazitia. Akachukua sahani yake mwenyewe, ile iliyokomaa kuliko zote, ya mwimbaji tuliyemwita Babu. Werema na mkewe wakajipanga katikati ya uwanja, mguu mmoja juu, wanafikiri.

Sindano ikagusa na wimbo ukatoka mbio.

Magitaa yalikimbizana. Ngoma zilimwagika. Na Babu wetu, mzee wetu wa heshima, akawa kijana wa shule anayerukaruka. Werema alibaki na mguu hewani, hajui auweke wapi, mkewe akaanguka kwenye ndoo. Felisian alipiga ukelele, "Toeni! Toeni betri! Zina nguvu mno, zinachana sahani!" Wengine wakasema zipelekwe kivulini zipunguzwe, mmoja akakimbilia maji ya kuzilowesha. Tukaweka sahani ya pili, ikakimbia. Ya tatu, ikakimbia. Waimbaji wa kiume wote walikuwa wamerudi utotoni na wa kike wote walikuwa kuku. Tulicheka mpaka tukakaa chini, na mimi nilikuwa nafuta machozi kwa upindo wa khanga nikisikia mbavu zinauma.

Werema ndiye aliyenyamaza kwanza. Alikuwa ameinama juu ya gramafoni.

"Mwalimu," akasema, "hii nilinunuaga sabini na tatu. Tulichezaga kwenye harusi yangu. Ilikuwa hivihivi. Mbio hivihivi." Akamgeukia mkewe. "Si ulivunjaga kiatu?"

"Nilivunja," akasema mkewe kutoka kwenye ndoo.

Niliona hesabu zinapanda na kushuka usoni mwa Felisian. "Basi kumbe," akaanza, polepole sana, "kumbe hazikuwa zinakomaa."

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Kicheko kiliniishia tumboni ghafla, nikakimbia. Kutoka kwa Werema mpaka kwangu ni nyumba nne, na sijui nilizipita vipi. Nikavuta droo ikaanguka, vifungo vikatawanyika chumba kizima, nikachukua sahani. Niliporudi walikuwa wananisubiri wamesimama, na hakuna aliyeuliza nimekwenda kufuata nini.

Ikawekwa. Magitaa yakaingia, mepesi, yanachekesha miguu. Na kisha filimbi.

Ilikuwa yeye. Ilikuwa yeye kabisa, yuleyule anayeniita sokoni, ila ana miaka kumi na tisa na anaogopa. Anaimba kwa mbali kidogo, kama aliyesogezwa nyuma hatua nne. Kabla ya ubeti wa pili anavuta pumzi kwa haraka, na ile pumzi nilikuwa naijua, ndivyo anavyofanya kabla ya kukutajia bei ya pancha. Niliweka mkono mdomoni. Werema alisema, "Mungu wangu, fundi wa watu!" Felisian alikaa kwenye kigoda kitupu cha Muharami na kushika kichwa.

"Bebeni mashine," nikasema.

Tukatoka. Felisian amebeba gramafoni kichwani, mimi nimeshika sahani kifuani, wengine nyuma, na watoto wakajiunga wakidhani ni harusi. Werema alitaka ipigwe njiani, tukajaribu mara moja, sindano ikaruka kama panzi, tukaacha. Tulipofika sokoni Muharami alikuwa kwenye banda lake, ameipindua baiskeli ya muuza sangara, mkono mmoja uko ndani ya tairi. Alituona tunakuja kundi zima akafikiri tumekuja kumcheka tena. Nilikiona kitu hicho usoni mwake, kikanichoma.

"Fundi," akasema Felisian, akiitua gramafoni juu ya sanduku la spana, "mimi ni mwalimu wa hesabu na ni mjinga. Sikiliza."

Sahani ikazunguka. Muharami alisimama na tairi mkononi. Ilipoingia sauti, aliliweka tairi chini taratibu. Akavua kofia. Akapangusa mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, akachutama, akaweka sikio karibu kabisa na pale sauti inapotokea.

"Ni mimi," akasema, kama anauliza. Akainua uso. "Jamani! Ni mimi!"

Akaanza kuimba. Safari hii walikwenda sambamba, yule kijana na huyu fundi, pumzi kwa pumzi, na soko zima likageuka. Wauza samaki wakaja na visu mikononi. Muuza sangara akasahau baiskeli yake akamshika mwenye ndizi kiunoni. Tukacheza kwa mwendo wa kweli, miguu ambayo ilikuwa imesahau, tunakanyagana, tunaangukiana kwenye matenga ya dagaa, Felisian anaruka na miwani imekaa shingoni. Tuliipiga mara tano. Sijawahi kuwa na furaha kama ya mchana ule, kwenye jua, nimenuka samaki.

Ilipoisha mara ya tano nikaona ni zamu yangu. Nikasimama mbele yake.

"Fundi Muharami. Nilimwambia Bi Kudura kwamba wewe ni mwongo. Nilikosa. Nakuomba radhi mbele ya hawahawa waliokucheka, na mimi nilikuwa wa kwanza. Na lile neno alilolileta shangazi, kama bado lipo, mimi nalipokea."

Wanawake wakapiga vigelegele. Muharami hakucheka. Alilichukua lile tairi, akaligeuza mkononi, akalitazama.

"Mwanaharusi," akasema, na vigelegele vikafa vyenyewe, "leo kila mtu anajua ni mimi. Muuza ndizi anajua. Kujua leo si kazi. Mimi nilifika mahali nikajitilia shaka mwenyewe. Nilikuwa nalalaga nasema labda sikwenda Nairobi. Nilitaka mtu mmoja tu. Aseme, sijui imekuwaje, lakini Muharami kasema. Sikumpata."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejibu, hasira naiweza. Nilijua amesema kweli tupu, na nilijua pia kwamba huenda nimempoteza.

Werema, asiyevumilia kimya, akaishusha sindano tena. Magitaa yakaingia. Sasa nilisikia kwamba yalikuwa mawili, moja linatembea na jingine linapanda juu yake kwa madaha, linadondosha sauti ndogondogo mahali usipotarajia. Lilikuwa gitaa la mtu bingwa. Muharami alisikiliza kidogo.

"Na hilo gitaa la pili," akasema, "nalo ni mimi."

Tulimjua Muharami miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kumwona ameshika gitaa. Alikuwa ametuambia kwa kinywa chake kwamba Nairobi alikwenda kubeba vyombo. Na mtu ataimbaje na apige hivyo kwa wakati mmoja, akiwa na miaka kumi na tisa, akiwa anaogopa? Felisian alivuta hewa, kidole kikaanza kupanda kama yuko darasani. Muharami hakumwangalia Felisian. Aliniangalia mimi, macho makavu, uso haunionyeshi chochote, wala kicheko wala dua.

"Ni wewe," nikasema.

"Mwanaharusi," akanong'ona Felisian, "tufikiri kidogo."

"Nimesema ni yeye! Kasema ni yeye, basi ni yeye. Shusha kidole chako."

Hapo ndipo Muharami alipocheka. Alicheka kwa filimbi ile, juu kabisa, mpaka upande wa ndizi, akamtuma mtu mbio akamwite Bi Kudura.

Tulioana baada ya mfungo. Leo tuna watoto watatu, gramafoni ya Felisian imekufa na nyingine zimekuja, na Jumapili bado tunakaa uani na kuipiga ile sahani. Gitaa halijawahi kuingia nyumbani kwetu, wala sijawahi kuona akiligusa la mtu mwingine. Watoto wakiniuliza ni nani huyo anayelipiga gitaa la pili vizuri namna hiyo, nawaambia ni baba yenu.